Kuotesha Kosmosi ya Kukata katika Bustani za Nyanda za Juu

Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania kosmosi imekwisha kuwa mwenyeji. Huota yenyewe kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala, ikachanua kwa rangi ya waridi, nyeupe na damu ya mzee, bila kupandwa wala kumwagiliwa na mtu. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba ua hili halihitaji mwongozo, na kwa anayetaka kulitazama akiwa garini dhana hiyo ni sahihi. Anayetaka kulikata na kuliweka mezani ana mahitaji mengine: anataka vikonyo virefu, maua yasiyopukutika siku ya pili, na mavuno yanayoendelea kwa wiki nyingi. Tena hana duka la kumuuzia, kwa kuwa petali za kosmosi ni laini mno na huchubuka njiani, ndiyo maana mashamba makubwa yanayosafirisha waridi kwa ndege hayajishughulishi nalo. Kosmosi nzuri ya jagi ni ile iliyokatwa hatua chache kutoka jikoni kwako.

Kabla ya kushika jembe ni lazima kuelewa tabia moja ya mmea huu, kwa maana kazi yote inayofuata inatokana nayo. Kosmosi ni mmea wa Meksiko, wa ukoo mmoja na alizeti, na jina lake la kitaalamu, Cosmos bipinnatus, ulipewa mwaka 1791 na Antonio José Cavanilles, padre na mtaalamu wa mimea wa Hispania. Huko kwao na kokote ulikopelekwa, mmea huu huhesabu urefu wa mchana: siku zinapokuwa ndefu hujenga mwili, na siku zinapofupika huharakisha kuchanua. Ulaya huota majani tu wakati wa mchana mrefu wa Juni, ukafika kifua cha mtu, ndipo ukachanua kwa wingi kiangazi kikielekea ukingoni. Kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako husimuliwa kwamba mbegu zake ziliingia pamoja na malisho ya farasi wakati wa vita vya 1899 hadi 1902, barabara hujaa maua Machi na Aprili, yaani majira ya vuli ya huko, mchana unapopungua.

Kwetu hakuna mchana mrefu. Arusha iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ya mwaka haifiki nusu saa. Mche unapotoka ardhini hukuta tayari mchana wa saa 12, ukaamini kwamba msimu unakwisha, ukachanua ungali mtoto. Mara ya kwanza nilipopanda, pakiti ya mbegu iliahidi mimea ya sentimita 120. Nilichopata ni vichaka vilivyoishia gotini, vikiwa na maua mazuri juu ya vikonyo visivyozidi urefu wa kalamu. Sikuwa nimekosea kitu kilichoandikwa kwenye pakiti ile, ila maelezo yake yaliandikwa kwa watu wenye Juni nyingine. Maelezo yaliyo hapa chini yana lengo moja: kuulazimisha mmea wenye haraka ujenge mwili kwanza, kisha kuuzuia usimalize kazi yake mapema.

Hatua ya kwanza: chagua mbegu

Tafuta aina ndefu zilizokusudiwa kukatwa. "Sensation" ni aina ya zamani, iliyopata tuzo Marekani mwaka 1936, na mpaka leo ni ya kuaminika na mbegu zake ni rahisi kupatikana. "Versailles" ilizalishwa mahsusi kwa wakata maua na vikonyo vyake ni imara zaidi. "Double Click" ina petali nyingi zilizojazana, na katika jagi hudumu muda mrefu zaidi kidogo kuliko zile zenye safu moja ya petali, ingawa mvua ikinyesha vichwa vyake hunywa maji na kuinama. Jiepushe na "Sonata" kwa kazi hii, maana ni aina fupi iliyotengenezwa kwa vyungu. Hapa kwetu itakuwa fupi maradufu.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja asilazimishe aina hizi. Joto la pwani pamoja na unyevu wake huzichosha, na ni heri apande kosmosi ya njano, Cosmos sulphureus, ambayo maua yake ni ya njano, machungwa au mekundu ya moto, na ambayo huvumilia jua kali vizuri zaidi. Hatua nyingine zote zinafanana.

Ikiwa mbegu zimekaa kabatini muda mrefu, zijaribu kwanza. Weka 10 ndani ya karatasi laini iliyoloweshwa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke mahali pa joto la kawaida. Baada ya siku 7 zikiwa zimechipua chini ya 5, panda kwa wingi maradufu au ununue nyingine.

Hatua ya pili: chagua wakati

Nimejifunza kuepuka kuwa na maua wakati wa masika. Mvua ya Aprili huvunja mashina, huchafua petali kwa madoa ya kahawia na kuleta ukungu. Sia mbegu za kwanza masika yanapoelekea kuisha, yaani katikati ya Mei, ili miche ifaidi unyevu uliobaki ardhini na maua yaje Julai na Agosti, wakati wa baridi na ukavu, ambapo ua hili huwa na rangi iliyokolea kuliko wakati wowote mwingine. Sia tena mwanzoni mwa Septemba ili uwe na maua mvua za vuli zinapoanza.

Kwa kuwa mimea yetu huchanua upesi na kuchoka upesi, tuta moja halitakutosha kwa msimu. Sia sehemu ndogo kila baada ya wiki 3. Mtu wa Ulaya anaweza kusia mara moja na kukata miezi mitatu. Huku anayesia mara moja tu hupata wiki tano au sita nzuri, kisha mabua.

Hatua ya tatu: andaa tuta bila kulishibisha

Hapa ndipo wakulima wazuri wa mboga wanapokosea, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nililitendea tuta la kosmosi kama tuta la kabeji: samadi ya ng'ombe debe baada ya debe, juu ya udongo wa volkano wa Meru ambao wenyewe una rutuba ya kutosha. Mimea ilinenepa, majani yakawa mengi na ya kijani kibichi, mashina yakajaa maji, na upepo wa jioni moja tu uliilaza yote upande mmoja kama mpunga uliokanyagwa. Naitrojeni nyingi huzaa majani na mashina malegevu, na maua huwa machache.

Chagua mahali penye jua kwa saa zisizopungua 6 kwa siku, pasipotuamisha maji. Lima kwa kina cha sentimita 20, ondoa magugu pamoja na mizizi yake, kisha usawazishe. Kama udongo wako ni mzuri kiasi cha kustawisha mahindi, usiongeze kitu. Kama ni wa kichanga au umechoka, ndoo moja ya lita 20 ya mboji iliyooza kabisa inatosha kwa tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Upana huo una sababu: mkono unapaswa kufika katikati ya tuta kutoka kila upande bila mguu kukanyaga ndani.

Hatua ya nne: sia

Mbegu ya kosmosi ni nyembamba, nyeusi, imepinda kidogo kama mundu, na ni kubwa vya kutosha kushikwa moja moja kwa vidole. Unaweza kuisia moja kwa moja kwenye tuta, katika mifereji ya kina cha sentimita 1, ukaifunika kwa udongo laini na kumwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Ikiwa bado mvua ni kubwa, sia kwenye trei au makopo yaliyotobolewa chini, uyaweke chini ya paa lenye mwanga. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 mbegu huchipua kati ya siku 5 na 10. Majani mawili ya kwanza ni marefu na membamba. Yanayofuata yamechanwachanwa mfano wa majani ya karoti, kwa hiyo mwonye mapema anayekusaidia kupalilia.

Wenye umeme wa uhakika wanaweza kufanya jambo moja la ziada ambalo huubadilisha mmea kabisa. Ning'iniza taa nyeupe ya kawaida juu ya trei za miche na uiache iwake kuanzia machweo hadi saa 4 usiku, kila siku, kwa wiki 3 au 4 za mwanzo. Mche utahesabu mchana wa saa 16 na kuahirisha kuchanua, ukatumia muda huo kujenga mashina. Wakulima wa krisanthemamu karibu na ikweta hutumia ujanja huo huo kwa kiwango cha shamba zima. Asiyekuwa na taa asihuzunike, kwa sababu hatua ya sita itamsaidia sana.

Hatua ya tano: hamisha au punguza miche

Miche ikiwa na jozi mbili au tatu za majani yaliyochanika, ihamishe jioni au siku ya mawingu, ukiacha sentimita 30 kati ya mche na mche kila upande. Tuta lililotajwa hapo juu litachukua safu 4 za miche 10. Aliyesia moja kwa moja apunguze mpaka afikie nafasi hiyo, na asione huruma: miche iliyosongamana hurefuka kwa kugombania mwanga, lakini mashina yake huwa kama nyuzi. Wiki ya kwanza mwagilia kila siku. Kagua asubuhi kama kuna miche iliyolala chini ikiwa imekatwa sawasawa usawa wa ardhi; huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku, naye huwa hajaenda mbali. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka mche ule na utamkuta amejikunja.

Hatua ya sita: kata kichwa

Hatua hii ndiyo inayomtenganisha mwenye maua ya jagi na mwenye maua ya barabarani. Tazama shina la kosmosi kwa karibu na utaona kwamba majani yake huota mawili mawili, yakitazamana, na kwamba kwenye kwapa la kila jani kuna kijicho kidogo kilicholala. Vijicho hivyo vinazuiwa na ncha ya mmea. Ncha ikiondolewa, huamka, na kila jozi ya majani inaweza kukupa matawi mawili.

Vitabu vya nchi za baridi husema usubiri mmea ufike sentimita 30. Kwetu usisubiri, kwa sababu ukifika hapo mara nyingi umeshatunga kitumba. Mara tu unapohesabu jozi 4 za majani, kata shina juu kidogo ya jozi ya tatu kwa mkasi safi au kwa kucha. Kama kitumba kimeshaonekana, ukubwa wa punje ya pilipili manga, kata nacho. Kisha, wiki mbili baadaye, matawi mapya yakiwa na jozi 2 au 3 za majani, kata tena ncha za yale yanayoonyesha vitumba mapema. Nilipokuwa nikifanya hivyo kwa mara ya kwanza, jirani yangu alisimama uani akaniuliza, "Dada, maua yamekukosea nini?" Mwisho wa Julai alikuja kuomba ya kupeleka kanisani.

Utachelewesha ua la kwanza kwa wiki 2 au 3, lakini badala ya shina moja lenye ua moja refu na mengine mafupi, utakuwa na matawi 6 au zaidi yanayotoka chini, kila moja likiwa na urefu wa kutosha kufaa jagi.

Hatua ya saba: tegemeza na mwagilia

Usingoje mimea ianguke ndipo uitafutie fito. Ikiwa na urefu wa gotini, pigilia vigingi 6 kuzunguka tuta, halafu pitisha kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi, na nyingine zikikatiza katikati ili kuunda miraba, kwa kimo cha sentimita 40 hivi. Mimea itapenya yenyewe na kuificha kamba.

Baada ya miche kushika, mwagilia mara 2 kwa wiki wakati wa kiangazi, maji mengi kwa mkupuo, kwenye mizizi na asubuhi. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na majani yanayolala yakiwa yamelowa hukaribisha ukungu. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Mbolea haihitajiki tena.

Kuhusu wadudu na magonjwa sina mengi, maana ua hili si dhaifu. Vidukari hujazana kwenye vitumba wakati wa ukavu. Huondoka kwa maji yenye sabuni kidogo, yakipuliziwa jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Ubwiri unga, yaani vumbi jeupe juu ya majani, huja mimea inapozeeka au inaposongamana. Ng'oa mimea iliyozidiwa na utegemee tuta linalofuata, kwa sababu kupulizia dawa mmea uliobakiza wiki mbili ni kupoteza fedha.

Hatua ya nane: kata kwa wakati wake

Asilimia kubwa ya wanaolalamika kwamba kosmosi haidumu mezani hulikata likiwa limeshazeeka, ingawa kwa macho bado ni zuri. Kile tunachokiita ua moja ni maua mengi yaliyokusanyika: petali za nje, kwa kawaida 8, ni tasa, zimewekwa ili kuwaita wadudu, na kitovu cha njano ni kundi la maua madogo yanayofunguka safu kwa safu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nyuki akishaleta chavua kutoka mmea mwingine, petali zimemaliza kazi na mmea hauna sababu ya kuzitunza. Nilipata somo hilo kwenye shughuli ya nyumbani kwa ndugu, nilipokata ndoo nzima ya maua yaliyofunguka wazi saa 6 mchana. Kabla ya wageni kumaliza kula, kitambaa cha meza kilikuwa cha rangi ya waridi na vitovu vimebaki vipara.

Kata kitumba kilichokwisha kuonyesha rangi kamili, petali zikiwa zimeanza kulegea lakini bado zimesimama kama kikombe. Kitafunguka ndani ya nyumba baada ya siku moja. Lililofunguka likatazame kitovuni: kikiwa laini na kimefungana, bado linafaa, ukiona unga wa njano umepanda juu yake, liachie bustani au ulikate ulitupe.

Toka alfajiri, kabla umande haujakauka na kabla nyuki hawajafika, ukiwa na ndoo yenye maji safi mkononi. Usikate ua na kikonyo chake kifupi. Fuata tawi mpaka chini na ukate juu ya jozi ya majani iliyo karibu na shina kuu, hata kama njiani kuna vitumba vidogo utakavyovipoteza. Moyo utasita, lakini kila mkato wa chini huamsha vijicho vya chini, na mavuno yanayofuata hutoka na urefu wake. Anayekata juu juu hupata kila wiki vikonyo vifupi zaidi, mpaka maua yanaingia kwenye glasi ya chai tu.

Kata mara 3 kwa wiki, hata wiki ambayo huhitaji maua. Ua likiachwa kuzaa mbegu, mmea huona umekwisha kutimiza wajibu na kupunguza kuchanua. Gawia majirani.

Hatua ya tisa: tunza maua yaliyokatwa

Ondoa majani yote yatakayozama majini, maana majani laini ya kosmosi huoza haraka na kuchafua maji. Tumbukiza vikonyo kwenye ndoo hadi nusu yake na uviache mahali pa baridi na giza kwa saa 3 au zaidi kabla ya kupanga shada. Kwenye jagi, lita 1 ya maji yenye kijiko 1 cha chai cha sukari na matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe itafaa. Sukari ni chakula na klorini huzuia bakteria. Usiongeze limau kwenye mchanganyiko huo kama wengine wanavyoshauri, kwani klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye madhara. Badili maji kila siku ya pili, ukipunguza ncha za vikonyo kila mara, na uweke jagi mbali na ndizi zilizoiva, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua mengi. Kwa utaratibu huo hukaa siku 5 hadi 7, na katika kila tawi vitumba vidogo huendelea kufunguka ua kubwa linapoanguka.

Hatua ya kumi: hifadhi mbegu, na ulizuie ua lisitoroke

Mwishoni mwa msimu, acha mimea 5 au 6 bora isikatwe. Chagua yenye mashina imara na vikonyo virefu, na hasa ile iliyochelewa kuchanua kuliko wenzake: mche unaochelewa bila kulazimishwa ndio unaoufaa mchana wetu mfupi, na ukiuchagua mwaka hadi mwaka utajipatia mbegu iliyozoea bustani yako kuliko ya pakiti yoyote. Usitegemee rangi, kwani mmea wa kosmosi kwa kawaida hauzai kwa chavua yake wenyewe, na nyuki huchanganya nyeupe na waridi apendavyo. Anayetaka nyeupe tupu apande nyeupe peke yake, mbali na nyingine, au anunue upya.

Vichwa vikikauka na mbegu zikifunguka kama nyota nyeusi, vivune vikavu kabisa, pukutisha juu ya gazeti, anika kivulini siku 3, kisha tia kwenye bahasha iliyoandikwa aina na tarehe. Zikikaa pakavu hufaa kwa miaka 3 hivi. Mimea mingine yote ing'oe kabla haijamwaga mbegu, hasa kama bustani yako inapakana na shamba la jirani au korongo la maji, kwa sababu mbegu zilizoachwa zitaota katikati ya maharage ya mtu mwingine mvua ya kwanza itakaponyesha. Masazo yenye vichwa vya mbegu usiyatie kwenye shimo la mboji ya baridi; yachome, au yafukie katikati kabisa ya lundo linalochemka.